Primus ya mlimani

Hapa Goma ukitaja Primus, kila mtu anawaza bia. Ndiyo maana nilicheka siku mzee aliyetuongoza sisi wapagazi aliponiambia: “Kijana, Nyiragongo tunapanda na Primus.”

Ilikuwa likizo, nami nilibeba mizigo ya wageni ili nipate minervali. Mzee alisema juu ya resho yake ya shaba, ya petroli na pampu, iliyotengenezwa Uswidi. Mimi niliiona nzito, tena inanuka. Nikachagua ya gesi, ndogo kama kikombe. “Mpishi ni wewe,” akasema, akaiacha yake.

Tulitoka Kibati asubuhi, jioni tukafika ukingoni, mita 3,470. Baridi ilikaribia nyuzi 0. Nikawasha, moto ukainuka kidogo, ukanywea, ukazimika. Gesi ilikuwamo, ila ilikuwa butani, na butani kwenye baridi ya namna hiyo haigeuki mvuke vizuri. Tena kadiri inavyotoka, mkebe wenyewe unazidi kupoa.

Kwa haya nikachukua mbabula tuliyokuwa tunaota nje, nikaiingiza kibandani, nikafunga mlango. Makala yalikuwa mekundu, bila moshi. Nikaona hakuna hatari. Baadaye mwenzangu mdogo akalalamika kichwa, kisha akatapika. Nikadhani ni ugonjwa wa mlima. Mzee alipofungua mlango hakuuliza kitu: alimvuta kijana nje, akarudi kuitoa mbabula. Hewa mbaya ya makala haionekani wala hainuki, na huua mtu akiwa usingizini. Kijana alipata nafuu karibu na alfajiri. Mimi sikulala.

Tangu siku ile nabeba ile ya shaba. Unaipasha kwanza kwa alkoli kidogo, halafu unapiga pampu. Nguvu inatoka mkononi mwako, haingojei jua. Napika nje, nimeikinga upepo kwa mawe. Maharagi nayaacha nyumbani: kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, na maharagi yangemaliza petroli yote kabla ya kulainika. Unga na chai vinatosha.

Mzee hajanisema hata siku moja. Tukifunga mizigo Kibati, ananiuliza tu: “Primus iko?” Nami sicheki tena.