Kwa nini majina ya watoto yalikatika hewani

Wengi wenu muliniuliza kwa nini, ile jioni ya mwaka 2023 tulipokuwa tunasoma majina ya watoto waliopotea, sauti ilikatika katikati ya orodha. Wengine mulidhani tumetishwa. Hapana. Ilikuwa swichi, kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao.

Wakati huo kambi za Kanyaruchinya na Bulengo, pembeni ya Goma, zilikuwa zimejaa. Redio yetu ilikuwa na nyumba mbili: studio katika moja, biro ya habari na mtambo wa kurusha matangazo katika nyingine. Kati yao palikuwa na kiungo kimoja tu cha mtandao kisicho na waya. Ndani yake fundi alitenga VLAN mbili, yaani mitandao miwili inayotumia vifaa vilevile bila kuchanganyika: moja ya studio na mtambo, nyingine ya biro, ili simu na orodinateri zetu zisisumbue sauti.

Lakini sisi wa biro pia tulitaka kusikia antene. Sauti ilitumwa kwa multikasti: chanzo kinatuma mara moja, swichi inawagawia wanaohitaji. Shida ni kwamba multikasti haivuki yenyewe kutoka VLAN moja hadi nyingine. Fundi akatuma nakala mbili, kila moja megabiti 2.3 kwa sekunde, kwenye kiungo kilekile. Nayo swichi, kwa kutojua nani anataka, ikaimwaga ile ya biro kwenye milango yote, hata wa Wi-Fi. Wi-Fi huwa inabeba multikasti kwa mwendo wake wa chini, basi ikasongwa. Ujumbe wa akina mama wanaotafuta watoto ulifika kesho yake, au haukufika.

Fundi akaiamuru swichi isikilize maombi ya IGMP, yaani impe sauti yule tu aliyesema "nataka". Akawasha vyombo upya. Wi-Fi ikapumua. Nikaanza kusoma majina. Baada ya dakika nne na sekunde 20, kimya.

Asubuhi mama mmoja alikuja kwenye geti. "Mwanangu, mulifika kwenye jina lake?" Hatukuwa tumefika.

Tukarudisha mambo kama zamani, na Wi-Fi ikasongwa tena. Siku ya tatu fundi akaelewa. Swichi hukumbuka ombi kwa sekunde 260 tu. Lazima awepo wa kuuliza upya, kwa kawaida kila sekunde 125: nani bado anataka? Kwetu hakuna aliyeuliza, kwa hiyo hakuna aliyejibu. Ni kama mkuu wa bloki kufuta familia kwenye orodha ya unga kwa sababu haikujibu swali ambalo yeye hakuuliza.

Akaifanya swichi moja iwe muulizaji. Kisha akaondoa nakala ya pili: sauti ikapita mara moja tu, katika VLAN yake ya multikasti, na swichi ya nyumba ya pili ikaikabidhi kwenye mlango wa aliyeomba, hata kama mlango huo ni wa biro. Si kila swichi inaweza hivyo. Yetu ya bei ndogo haikuweza, tukatafuta nyingine iliyokwisha kutumika.

Jioni hiyo nilianza na jina alilolitaja yule mama. Dakika nne zikapita, tano, kumi. Nikaendelea kusoma.