Wazazi Waliotengana na Mtu wa Kuwasuluhisha

Ndoa ikivunjika, ulezi hauvunjiki. Askari aliyehamishiwa Arua na mama aliyebaki Jinja bado wana mtoto mmoja, naye bado anahitaji karo, dawa na mashauri ya wazazi wote wawili. Kwa hiyo wanahitaji mtu wa kuwasaidia kulea, si wa kuamua nani alikosa.

Wengi hukimbilia kwa kamanda. Kamanda aweza kumkumbusha askari wajibu wake, lakini mama hayumo chini ya amri yake. Wengine huita mashangazi na wajomba. Hao wana hekima, ila kila mmoja ana upande wake.

Sheria ya Watoto ya Uganda imeweka ngazi. Kijijini, makamu mwenyekiti wa baraza ndiye katibu wa mambo ya watoto, na kusuluhisha habari za matunzo ni sehemu ya kazi yake. Wilayani yuko ofisa wa ustawi wa jamii. Palipo na kipigo, waende polisi, kwenye kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia. Matunzo yakikataliwa kabisa, Mahakama ya Familia na Watoto yaweza kutoa amri.

Msuluhishi mwema hujulikana kwa swali lake la kwanza: mtoto analala wapi, anakula nini, nani atamlipia karo? Wakishakubaliana, waandike kiasi, tarehe na siku za kumtembelea. Maana neno la mdomo husahaulika, na anayeumia ni mtoto.