Kupanda Kabla ya Mvua



Mtu atokaye Mpwapwa kwenda Dodoma kwa njia ya Kongwa hupita katika nchi kavu ya mibuyu na miiba. Majira ya mvua huko ni mamoja tu kwa mwaka, tangu Desemba hata Aprili, na miaka mingine hukatika katikati.

Mwezi wa Novemba, udongo ungali vumbi, utamwona mama na jembe lake akifukia mbegu za uwele na mtama. Mbegu hizo angeweza kuzisaga akawapikia watoto uji. Walakini asipopanda mapema, mvua itamkuta nyuma. Basi huzifukia, kisha hurudi nyumbani kungoja.

Hapo Kongwa, mwaka 1947, Waingereza walileta matrekta mengi na mali nyingi ili walime karanga. Udongo ulipokauka ukawa mgumu kama tofali, na mvua haikutosha. Mwaka 1951 mpango ule ukaachwa. Elimu ni kipawa cha Mungu, tena twaihitaji. Lakini haiamuru wingu.

Wengine huuliza, "Je, amwaminiye Mungu hataona njaa?" Tusidanganyane. Wagogo wanakumbuka njaa kuu iitwayo Mtunya, ya miaka 1917 hata 1920. Majeshi ya vita yalikuwa yamechukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Kisha mvua ikakosekana. Yakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa. Njaa ile haikuuliza nani amebatizwa. Kwa hiyo imani si hirizi ya kuleta mvua. Afanyaye imani kuwa hirizi, mbingu zikifungwa, atakwenda kwa mganga wa mvua, kwa kuwa moyoni mwake hakuwa mbali naye. Nabii Habakuki aliona shamba tupu na zizi tupu, wala hakumwacha Mungu wake.

Tena kuna mashaka yasiyotoka mbinguni. Dodoma iliamriwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973. Tangu 2016 Serikali ikahamia kwa haraka, na mwaka 2018 ikawa jiji. Huko Mtumba umejengwa Mji wa Serikali, na tangu 2024 treni ya umeme yafika kutoka Dar es Salaam. Wako waliopata kazi na shule kwa watoto wao, nao wamshukuru Mungu. Wako pia wazee walioona mashamba ya baba zao yakipimwa viwanja. Ibrahimu alitoka kwao asijue aendako. Mzee wa namna hii amekaa pale pale, na nchi ndiyo iliyomhama. Tusimwambie upesi kwamba yote ni mema. Tuketi naye kwanza, tumsikilize, na ikiwa ana haki ya kudai, tumsaidie kuidai.

Basi, kumtumaini Mungu si kukunja mikono, wala si kujua yatakayokuja. Yule mama hajui, lakini hupanda. Enyi wazazi, ombeni pamoja na watoto wenu kabla ya kwenda shambani. Mwaka wa shibe wekeni akiba, kama Yusufu alivyofanya Misri. Na jirani akikosa mbegu, mgawieni katika zenu, ili naye apate la kungojea.

Bwana awalinde katika majira yote. Amina.