Kutoka Garissa Hadi Chini ya Bahari ya Watamu

Nimekuwa kimya kwa muda, lakini leo nina kisa chenye vitu vyote tunavyovipenda hapa: kompyuta, hesabu, programu huria, na ubishi wa kifamilia.

Wengi wenu mnamjua Linus Torvalds kwa sababu ya Linux na Git. Wachache wanajua kwamba bwana huyu ni mpiga mbizi, na kwamba mwaka 2011 alianzisha programu nyingine inayoitwa Subsurface. Kazi yake ni kutunza kumbukumbu za kuzamia: ulishuka mita ngapi, ulikaa dakika ngapi, ulibakiwa na hewa kiasi gani kwenye mtungi. Ni programu huria, kwa hiyo yeyote anaweza kufungua msimbo wake akausoma. Ndani yake mna faili la deco, ambalo hukadiria gesi ya naitrojeni iliyojificha mwilini mwa mzamiaji. Nililisoma faili hilo kabla ya safari yetu, na lilikuja kuamua jambo kubwa nyumbani kwetu.

Safari yenyewe ilikuwa katikati ya Februari 2025, wiki mbili hivi kabla ya Ramadhani. Kaka yangu mkubwa anaishi Minneapolis na huja nyumbani kila baada ya miaka mitatu au minne. Huko Minnesota alijifunza kuzamia kwenye maziwa, maji baridi kama barafu. Alipofika Garissa akatangaza kwamba safari hii familia nzima inakwenda Watamu, na gharama ni zake. Tulikuwa sita: hooyo, kaka, mimi na mke wangu, binti yetu wa miaka 13 na mdogo wake wa miaka 8.

Ugumu ulikuwa kwa hooyo. Kwa mtu wa Garissa, maji ni Mto Tana. Ni maji mekundu; ukiingia mpaka kiunoni huoni hata goti lako, na mamba yumo. Mtoto hufundishwa kuchota haraka na kuondoka ukingoni. Halafu kuna habari ya mashua. Kwenye mafuriko ya 2024 barabara ya kwenda Nairobi ilikatika pale Madogo, watu wakawa wanavushwa kwa mashua. Tarehe 28 Aprili mashua moja iliyojaa abiria ilipinduka na watu wakafa. Tangu siku hiyo hooyo hakutaka hata kusikia neno mashua.

Alikubali kwa masharti matatu. Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha kabla ya kukanyaga chombo. Yeye mwenyewe ahesabu watu wakiingia na wakitoka. Na akisema hapana, iwe hapana, hata kama pesa zimekwisha kulipwa. Tukakubali.

Tulivuka daraja alfajiri, tukashika barabara ya Bura, Hola na Garsen, zaidi ya kilomita 300 mpaka Malindi. Tuliupita mto Sabaki, nao ulikuwa mwekundu kama Tana. Ndiyo maana kuzamia ni kuzuri zaidi Watamu: matope ya Sabaki huyafikia maji ya Malindi kwanza, na Watamu iko mbele kidogo upande wa kusini. Sehemu zote mbili zilifanywa hifadhi za bahari mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika. Na Februari ni msimu wa kaskazi, bahari imetulia. Kusi likianza kuvuma kwa nguvu katikati ya mwaka, maji huchafuka na wazamiaji hupungua.

Tulipofika kwenye kituo cha wazamiaji, fundi akaanza kutaja vifaa: mtungi, miwani, mapezi ya miguuni, na mkanda wa risasi. Hooyo akageuka ghafla. Risasi? Sisi wa kaskazini mashariki neno hilo halituingii vizuri. Ikabidi nimweleze kwamba ni vipande vya madini ya risasi, uzito wa kumsaidia mtu ashuke, kwa sababu mwili na suti ya mpira hupenda kuelea. Mke wangu naye alikuwa na wasiwasi wa mavazi ya binti. Suti ile humfunika mtu kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, na wakatupatia yenye kofia. Akaridhika.

Sasa tuingie kwenye hesabu kidogo, msinikimbie.

Juu ya ardhi tunabeba uzito wa hewa unaoitwa angahewa moja. Baharini, kila mita 10 unazoshuka zinaongeza nyingine moja. Kwa hiyo kwenye mita 12 unabanwa na angahewa 2.2, na hewa unayovuta kutoka kwenye mtungi ina kani hiyo hiyo. Takribani asilimia 79 ya hewa ni naitrojeni, ambayo mwili hauitumii. Inayeyuka tu ndani ya damu na nyama, kama gesi inavyoyeyuka ndani ya soda. Ukipanda polepole, inatoka kwa kupumua. Ukipanda haraka, au ukienda mahali ambapo hewa ni nyepesi kabla haijatoka, inafanya mapovu mwilini. Soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, kufa ganzi, kupooza, na wakati mwingine kifo.

Kompyuta ya mkononi ya mzamiaji hukadiria hali hiyo. Haipimi damu yako. Inajua vitu viwili tu, kina na muda, na kwa hivyo inakisia. Ndani yake mna mfano uliotengenezwa na daktari Bühlmann wa Zürich. Mwili unagawanywa katika sehemu 16 za kufikirika. Kila sehemu ina muda wake wa kujaa nusu: ya haraka huchukua dakika 4, ya polepole dakika 635, yaani zaidi ya saa kumi na nusu.

Chukua sehemu yenye muda wa dakika 40. Juu ya maji ina naitrojeni ya 0.79. Ukishuka mita 12, inataka kufika 1.74. Baada ya dakika 40 imepanda nusu ya njia, imefika 1.26. Ukirudi juu, dakika 40 baadaye imeshuka mpaka 1.03, dakika 40 nyingine, 0.91. Mnaona? Inapungua, lakini mkia ni mrefu. Na zile sehemu za polepole ndizo zinazokusubiri siku nzima.

Jumamosi asubuhi kaka alizama mara mbili, mimi nikiwa mwenzake. Tulimwona kasa akila majani bila haraka, mkunga akichungulia kwenye tundu lake, na makundi ya pono wakitafuna mwamba mpaka unasikia sauti ya meno. Saa tano tulikuwa juu. Hooyo, kutoka ufukweni, alihesabu watu.

Mchana binti yetu akafanyiwa mazoezi kwenye bwawa. Kwa anayejaribu mara ya kwanza, taratibu za kawaida zinataka awe na miaka 10 au zaidi, asishuke zaidi ya mita 12, na mwalimu awe naye muda wote. Sharti la kwanza alilofundishwa ni hili: usizuie pumzi kamwe. Hewa iliyomo mapafuni hutanuka unapopanda. Zamu yake ya baharini ilipangwa Jumapili asubuhi, na adeer yake alikuwa amemwahidi tangu Garissa kwamba siku hiyo watashikana mikono chini ya maji.

Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Ndege ya kaka kutoka Malindi kwenda Nairobi ilikuwa Jumapili saa kumi jioni, na usiku huo huo aendelee na safari ya Marekani. Akizama asubuhi, atakuwa na saa tano tu kabla ya kupaa. Ushauri unaotolewa na DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri angalau saa 12 kwa aliyezama mara moja, na saa 18 kwa aliyezama mara nyingi au siku mfululizo. Ndani ya ndege hewa hupunguzwa. Inaweza kuwa kama ya mlima wa mita 2,400.

Kaka akasema, "Walaal, mita 12 ni kidogo. Na saa yangu ikikataa, nitakwenda kwa gari."

Nikamwambia saa itakataa baada ya kuzama, wakati haiwezekani tena kutengua. Na gari haliokoi kitu: Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi, hewa yake ni nyepesi vilevile. Sisi wa kurudi Garissa hatukuwa na shida, maana mji wetu uko kama mita 150 tu juu ya bahari na barabara ya Tana ni tambarare. Kwa mara ya kwanza nikaona faida ya kuishi bondeni.

Nikafungua Subsurface kwenye kompyuta, nikaweka mizamo ya Jumamosi, nikaongeza ule wa Jumapili, nikamwonyesha mistari. Akauliza swali zuri, ambalo kila mwandishi wa programu anapaswa kuulizwa: "Na hii programu ikiwa imekosea?"

Inawezekana. Mwaka 2003 kompyuta za kuzamia aina ya Uwatec Aladin Air X Nitrox, zilizotengenezwa mwaka 1995, zilirudishwa kiwandani kwa sababu ya kosa la programu. Mzamiaji akiwa amepumzika juu, akivuta hewa ya kawaida, programu ilidhani bado anavuta ile hewa maalumu yenye naitrojeni kidogo. Ikahesabu kwamba mwili umejisafisha zaidi ya ukweli. Mstari mmoja wa dhana mbaya, na mtu anaambiwa yuko salama wakati hayuko. Kwa hiyo nilimjibu kaka kwamba ndiyo, inaweza kukosea, na hiyo ni sababu ya kuongeza saa za kusubiri.

Hakukubali. Kwetu mdogo hamwamrishi mkubwa, hata akiwa na grafu. Alinyamaza, na mimi nikanyamaza.

Hooyo alikuwa ametusikiliza muda wote. Akauliza nani aliyegundua mambo haya. Nikamweleza kuhusu Haldane, mwanasayansi wa Uingereza, ambaye mwaka 1908 yeye na wenzake walichapisha majedwali ya kwanza ya kuzamia yenye msingi wa sayansi. Kabla ya hapo aliwafungia mbuzi kwenye chumba cha chuma, akawabana kwa hewa, kisha akawafungulia kwa mwendo tofauti tofauti ili aone nini kinatokea.

Hooyo amefuga mbuzi maisha yake yote. Akaketi vizuri. "Mbuzi wakafanyaje?"

Nikamwambia wengine walisimama wakiwa wamekunja mguu wa mbele kwa maumivu. Wengine walipooza. Wengine walikufa.

Akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia kaka. "Mbuzi za watu zilikufa ili wewe ujue. Sasa unajua. Kesho utakaa na mimi."

Yakaisha.

Jumapili binti alilia kidogo, kwa sababu ahadi ni ahadi. Nikashuka naye mimi, mwalimu akiwa upande wa pili. Kwenye mita tatu masikio yalimuuma. Tukapanda kidogo, akabana pua na kupuliza kama alivyofundishwa, tukashuka tena. Tulifika mita nane. Hakuniachia mkono mpaka alipowaona samaki wa manjano wakizunguka tumbawe, ndipo akauachia mwenyewe.

Juu yetu, kaka na hooyo walikuwa kwenye mashua yenye sakafu ya kioo. Ndiyo, hooyo alipanda mashua. Alihesabu majaketi kwanza, akamhoji nahodha chombo kinabeba watu wangapi, akaingia. Kaka ananiambia walikaa saa mbili wakitazama chini, na kwamba hooyo alimsimulia mambo ya baba ambayo sisi hatukuwahi kuyasikia. Sitayaandika hapa.

Binti alipotoa miwani, neno lake la kwanza lilikuwa, "Aabo, kumbe maji yana ndani!"

Nimelifikiria sana neno hilo. Mtoto aliyekulia kando ya Tana hajawahi kuona ndani ya maji. Anajua uso wake tu, na hofu iliyo chini yake.

Saa kumi kaka alipaa, saa 29 tangu atoke majini. Jumanne akatuma ujumbe kwamba amefika salama na viungo vyake ni vizima. Binti amekwisha kuuliza adeer anarudi mwaka gani.

Kwa mnaotaka kujaribu: mwelezeni daktari kuhusu pumu, moyo na masikio kabla ya kulipa. Siku ya mwisho ya safari iacheni iwe ya nchi kavu. Na mkiwa mnaandika programu ambayo mtu atayategemea maisha yake, someni faili lile la deco, kisha mfikirie mbuzi wale.

Tukutane tena, Inshallah.