Leteni cheti, si salamu

Ndugu zangu wa Tanga,

Jumbe za kundi la ukoo zimenichosha. Salamu ndefu, habari za mahindi, picha za harusi, halafu linakuja ombi lenyewe: "Shangazi, wewe si Mkanada? Basi mwandikishe na huyu mtoto." Mwandikishe! Kana kwamba hapa Edmonton kuna daftari la mjumbe wa nyumba kumi, nipite jioni nitie saini, asubuhi mtoto aamke na pasipoti.

Nawapenda, lakini leo tuelewane. Huko kwetu mtoto hutambuliwa na watu. Bibi akishasema "huyu wetu", nani atabisha? Huku Kanada hutambuliwa kwa tarehe na karatasi. Maombi ya uraia hushughulikiwa Sydney, mji wa jimbo la Nova Scotia, si ule wa Australia, na karani wa huko hamjui bibi. Swali lake la kwanza ni hili: siku mtoto anazaliwa, mzazi wake alikuwa ameshakuwa raia?

Swali hilo huwatenga hata watoto wa tumbo moja. Chukueni mama aliyekula kiapo cha Kanada mwaka 2019, mwenye binti wawili waliozaliwa hospitali ya Bombo, mmoja 2017, mwingine 2021. Mdogo ni raia tangu kilio chake cha kwanza. Anaombewa hati ya kuthibitisha tu, kwa dola 75 za Kanada. Dada yake si raia. Mama amdhamini kwanza apate ukaazi wa kudumu, kisha ndipo amwombee uraia kwa dola 100. Afueni yake ni kwamba aliye chini ya miaka 18 hafanyi mtihani, na akiombewa na mzazi aliye raia hadaiwi siku za kuishi nchini. Foleni, hata hivyo, atapanga mara mbili.

Wajukuu nao wana yao. Sheria ya mwaka 2009 ilikata urithi wa uraia kwenye kizazi cha kwanza kilichozaliwa nje. Desemba 2023 mahakama ya Ontario ikasema kikomo hicho kinavunja katiba, na sheria mpya ikaanza kazi tarehe 15 Desemba 2025. Sasa raia aliyezaliwa nje, akimzaa naye mtoto nje, aonyeshe kwamba kabla ya uzazi huo aliishi Kanada jumla ya siku 1,095. Kwa hiyo yule mdogo wa 2021 akija kuolewa Pangani akazalia huko, siku zake za Kanada zitaulizwa. Mama yake asichome ripoti za shule.

Sasa niwaseme. Tangazo la kizazi mnalipata hospitali, mnalikunja mara nne, linaingia chini ya godoro. Cheti cha kuzaliwa? "Tutakata akianza darasa la kwanza." Kadi ya kliniki inasema Mwanahamisi, cheti Mwanakhamis, shuleni ni Hamisa, na mwaka wa kuzaliwa umesogezwa ili awahi shule. Wakati RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, inawasajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bila ada! Uvivu huu siutetei tena.

Basi sikilizeni. Cheti kikatwe mapema, chenye majina ya wazazi wote wawili, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye pasipoti zao. Kilichochelewa huzua maswali, kwa hiyo kadi ya kliniki na tangazo msitupe. Karatasi ya Kiswahili itafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa, na mtafsiri asiwe ndugu. Picha ni milimita 50 kwa 70, siyo ya pasipoti yetu. Mpiga picha aandike nyuma jina la studio, anwani na tarehe. Na mtoto akiwa raia, aingie Kanada kwa pasipoti ya Kanada, msihangaike na viza.

Lipo linaloniuma zaidi. Mtoto wa marehemu kaka ni mwanangu, sihitaji kufundishwa hilo. Kanada, kulea tu hakutoshi. Mpaka aasiliwe kisheria. Kuna wanaokwepa mahakama, wanakata cheti kipya na baba mdogo anaandikwa baba. Karani akishuku ataomba kipimo cha DNA, na uraia uliopatikana kwa uongo hufutwa hata baada ya miaka. Wengine walipojaza fomu za kuhamia huku walisema hawana mtoto, kwa kumwogopa mke au kwa kudanganywa na dalali. Mtoto asiyetajwa pale anaweza kunyimwa kabisa kudhaminiwa na mzazi huyo. Nimewaona wanaume wazima wakilia kwa hilo, na sikuwa na la kuwafariji.

Kisha kuna sheria yetu wenyewe. Wakenya, tangu katiba ya 2010, wanashika uraia wa nchi mbili bila wasiwasi. Sisi Watanzania sheria ya uraia ya 1995 haituruhusu: mtoto mwenye uraia wa Kanada na wa Tanzania akifika miaka 18 anatakiwa achague mmoja. Wazazi, zungumzeni hilo kabla ya kujaza fomu, na mtoto akipata akili mwelezeni.