Woody alivyofutika ofisini, akakutwa kwa mzazi

Msomaji wangu, kama unapenda katuni kama mimi, basi Toy Story 2 unaijua. Ila sijui kama unajua kwamba yule kauboi Woody nusura afutike kabisa kabla sinema haijafika ukumbini.

Ilikuwa mwaka 1998, studio ya Pixar, kule California, Marekani. Kazi yote ilikuwa kwenye seva za Unix. Sasa hiyo Unix ina amri moja fupi, rm, yaani ondoa. Ukiongeza r, inaondoa folda na vyote vilivyomo. Ukiongeza f, haikuulizi "una uhakika?" Inafyeka tu! Wala hakuna kapu la taka la kwenda kufukua baadaye.

Mtu mmoja akaibonyeza pasipo pake. Fundi Oren Jacob na wenzake walikuwa wanaangalia mafaili ya Woody kwenye skrini. Mara kofia haipo. Mara viatu havipo. Kidogo, Woody mwenyewe hayupo! Jamaa akapiga simu chumba cha mitambo: chomoeni waya! Wakachomoa, lakini asilimia 90 hivi ya sinema ilishakwenda na maji.

Utaniuliza, si kulikuwa na nakala za akiba? Zilikuwepo, ila zilikuwa mbovu, na hakuna aliyekuwa amezijaribu.

Aliyewaokoa ni dada mmoja, Galyn Susman. Alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo kazi alifanyia nyumbani, na kompyuta yake ilikuwa na nakala ya sinema. Wakaifuata kwa gari, wakaizungushia mablanketi, wakaifunga mkanda siti ya nyuma, wakarudi mdogomdogo kama waliobeba mayai. Halafu wakakesha na maelfu ya mafaili, wakiyalinganisha mpaka Woody akarudi. Novemba 1999 sinema ikatoka.

Nilichowapendea ni kwamba hawakuanza kumsaka nani kabonyeza. Mngeanza kunyoosheana vidole, nani angeifuata kompyuta?

Basi habari hiyo ilinikaa kichwani. Kwetu kuna sauti ya marehemu bibi, anasimulia siku aliyoolewa. Ilikuwa kwenye simu ya mama tu, simu yenyewe kioo kimepasuka, kila siku inapanda daladala. Wiki iliyopita nikaihamishia kwenye flashi, nikampelekea mjomba Morogoro. Sikukubali kuondoka mpaka tuifungue tuisikie.

Bibi akaanza na kile kicheko chake. Mjomba akasikiliza kidogo, akanyanyuka, akatoka nje.

Nakala ni ile uliyoifungua ikafunguka, na ikalala nyumba nyingine. Hizo nyingine ni matumaini tu.

Haya msomaji, ya kwako iko wapi?