Mbwa Wawili wa Goma

Sehemu kubwa ya mji wa Goma imejengwa juu ya mawe meusi ya volkano, nayo ni makali. Nyayo za mbwa zayajua. Mlima Nyiragongo ulipotapika moto tarehe 22 Mei 2021, watu walikimbia kwa maelfu, na mbwa wengi wakaachwa nyuma. Wawili tuliwaokota wakiwa wamekonda, wamefyata mikia. Asubuhi hutusindikiza mpaka ziwa Kivu, wakibwekea kila chukudu ipitayo (wasukumaji hawafurahi hata kidogo). Majirani waliogopa, nao walikuwa na haki: kichaa cha mbwa kikiisha kuonyesha dalili, ni nadra mtu kupona. Kwa hiyo tuliwachanja kwanza, ndipo watoto wakaruhusiwa kuwagusa. Ardhi ikitetemeka usiku, yule mweusi hukimbilia mlangoni, akatungoja.